Nchi Iliyouzwa Kabla ya Kuonwa

Viko vitabu vinavyosomwa na watu wachache, lakini vikawatoa watu maelfu katika mashamba yao. Kimoja cha namna hiyo ni kitabu kidogo kilichotoka London mwaka 1829. Kwa Kiingereza kinaitwa A Letter from Sydney, maana yake Barua kutoka Sydney, na mwandishi wake ni Edward Gibbon Wakefield. Leo tunataka kukipima kitabu hicho. Hatukipimi kwa sababu ya maneno yake, ingawa yamepangwa vizuri, bali kwa sababu ya matunda yake. Bwana wetu alitufundisha kuutambua mti kwa matunda, na matunda ya kitabu hiki yalionekana hasa katika visiwa vya Nyuzilandi, mbali sana na Kongo yetu. Hata hivyo tutaona kwamba mbegu yake si ngeni kwetu.

Barua isiyotoka Sydney

Kwanza tujue barua hiyo ilitoka wapi. Haikutoka Sydney. Anayesema ndani yake anajionyesha kuwa bwana wa Kiingereza aliyehamia Australia, akapata shamba kubwa, akakosa watu wa kulilima. Lakini Wakefield hakuwa amefika Australia hata siku moja. Aliandika akiwa katika gereza la Newgate, London. Mwaka 1826 alimtoa shuleni kwa hila msichana wa miaka 15, binti wa tajiri, akafunga naye ndoa kusudi apate mali ya baba yake. Bunge liliivunja ndoa hiyo, naye akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Hatutaji habari hizi ili kumsimanga mtu aliyekwisha kufa. Mfungwa anaweza kuandika ukweli. Mtakatifu Paulo aliandika barua zake nyingine akiwa kifungoni, lakini Paulo alisema wazi kwamba yumo kifungoni. Wakefield alimpa msomaji shahidi asiyekuwapo. Alisema juu ya udongo asioukanyaga na watu asiowaona, na wasomaji wake wakamwamini kama mtu aliyetoka huko jana. Mwanzo huo utufumbue macho, maana kazi yote iliyofuata ilifanywa vivyo hivyo: watu waliokaa London waligawa nchi wasiyoiona.

Mawazo yake ni haya. Huko Australia, anasema, ardhi inapatikana kwa bei ndogo sana, au bure. Kwa hiyo kila mfanyakazi aliyefika kutoka Uingereza anamwacha bwana wake mara moja, anatafuta shamba lake mwenyewe. Matajiri wana ardhi na fedha, ila hawana mikono ya kufanya kazi. Dawa yake ni kwamba serikali iache kugawa ardhi ovyo. Iiuze kwa bei inayotosha, isiyo ndogo, na fedha zinazopatikana zilipie safari ya maskini kutoka Uingereza. Maskini hao watafanya kazi za mishahara miaka kadhaa kwanza, ndipo waweze kununua shamba. Hivyo koloni litakuwa na mabwana, wafanyakazi, miji na makanisa, kama Uingereza ndogo iliyovushwa bahari.

Yaliyo mema ndani yake

Mwamuzi mwema husikiliza pande mbili, nasi tukubali yaliyo mema. Wakati ule maskini wa Uingereza walikuwa na njaa kweli, na Wakefield aliwatafutia njia ya kutoka. Alikataza kuijaza nchi mpya wafungwa, kama serikali yake ilivyofanya Australia. Alitaka vijana waliooana waende pamoja, wanaume na wanawake kwa hesabu sawa, maana alijua kwamba nchi haijengwi pasipo jamaa. Tena aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: ardhi pekee si utajiri, bali ardhi pamoja na kazi ya watu.

Lakini tukiisha kusifu, tuulize. Kuna maswali mawili ambayo kitabu hicho hakiyajibu. La kwanza: je, ardhi hiyo inayouzwa ni ya nani? La pili: je, bei hiyo “inayotosha” inamtosha nani?

Bei iliyo kama ukuta

Tuanze na la pili. Bei aliyoitaka Wakefield haikutokana na rutuba ya udongo wala na jasho la aliyefyeka pori. Iliwekwa juu kwa kusudi moja: mfanyakazi asiweze kuifikia upesi. Bei hiyo ni ukuta. Maskini anavushwa bahari, anaonyeshwa pori kubwa lisilolimwa, halafu anaambiwa: fanya kazi kwangu kwanza. Hata Karl Marx, ambaye hatufuati mafundisho yake, aliliona jambo hilo. Mwaka 1867 aliiweka habari ya Wakefield katika sura ya mwisho ya buku la kwanza la kitabu chake kikubwa, kwa sababu aliona kwamba Mwingereza huyo amefichua siri ya mabwana bila kujua.

Sisi Wakatoliki hatuhitaji kwenda kwa Marx kutafuta mwanga. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya kugeuza akiba ya mshahara wake kuwa shamba. Tena alifundisha kwamba sheria zinapaswa kuwasaidia watu wengi iwezekanavyo wawe na mali yao. Tazameni tofauti: Papa anataka mlango uwe wazi, naye Wakefield anataka uwe mwembamba ili tajiri asikose watumishi. Kitabu kinachohesabu umaskini wa mtu mmoja kuwa faida ya mwingine kina ufa katika msingi wake, hata kikisema juu ya makanisa na jamaa.

Kompani na haraka zake

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Mwaka 1839 Wakefield na rafiki zake walikuwa na Kompani ya Nyuzilandi. Mkuu wake alikuwa Lord Durham, na miongoni mwa wakubwa wake walikuwamo wenye benki, wenye meli, na wajumbe wa Bunge. Hapa ndipo biashara na siasa zilipolala kitanda kimoja. Kompani ilipata habari kwamba serikali ya Uingereza inataka kufanya mapatano na wenyeji wa visiwa hivyo, yaani Wamaori, na kwamba baada ya hapo serikali peke yake ndiyo itakayonunua ardhi. Kompani ikaona kwamba ikichelewa itakosa. Basi mwezi wa Mei 1839 meli yake Tory iliondoka Plymouth, na aliyeiongoza safari ya ununuzi ni William Wakefield, ndugu yake Edward.

Sikilizeni jambo la ajabu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Tory ikiwa bado baharini, Kompani ilipiga kura mjini London kugawa viwanja. Vilikuwa viwanja 1,100, kila kimoja ekari moja ya mji na ekari 100 za shamba, karibu hektari 40, kwa pauni moja kila ekari. Viwanja 110 viliwekwa akiba kwa ajili ya wenyeji, vingine 990 vikauzwa. Wanunuzi walishika karatasi mkononi. Lakini mwenye nchi hakuwa ameulizwa neno, wala muuzaji hakuwa ameona hata mti mmoja wa nchi ile. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na haraka hii tutaiona matunda yake.

William Wakefield alifika katika ghuba ya Te Whanganui-a-Tara mwezi wa Septemba, mahali unaposimama sasa mji wa Wellington. Akatoa bunduki, mablanketi, tumbaku, miavuli, hata kofia za kulalia. Mkalimani wake alikuwa mvuvi wa nyangumi aliyejua Kimaori cha kuombea maji na chakula, si cha kuelezea hati ya sheria. Hati ndefu ya Kiingereza aliigeuza kuwa maneno machache tu. Wakuu wengine wakatia alama zao. Lakini watu wa vijiji vya Te Aro, Pipitea na Kumutoto, ambao nyumba zao na mashamba yao yalikuwa pale pale, hawakukubali kuuza. Haikupita miezi mingi Kompani ikasema kwamba imenunua ekari milioni 20, kama hektari milioni 8, karibu sehemu moja kwa tatu ya Nyuzilandi yote. Na tarehe 22 Januari 1840 meli ya kwanza ya wakoloni, Aurora, ilitia nanga. Wale wakoloni walikuwa watu wa kweli, wenye watoto wa kweli, waliolipa fedha zao. Nao pia walidanganywa.

Abrahamu alinunuaje?

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, tunaye mgeni mwingine aliyetaka ardhi. Sara amekufa, naye Abrahamu hana mahali pa kumzika. Anafanya nini? Kwanza anakiri mbele ya watu wa Heti kwamba yeye ni mgeni na msafiri kati yao. Halafu anamtaja mwenye shamba kwa jina, Efroni. Wanazungumza mlangoni mwa mji, watu wote wakisikia, kwa lugha inayojulikana na wote. Mwenye shamba anaitaja bei, Abrahamu anapima fedha shekeli 400. Mwisho mipaka inatajwa: shamba, pango, na miti iliyomo. Ndipo linapokuwa lake. Tena Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi Abrahamu nchi ile yote! Lakini hakuitumia ahadi ya Mungu kuwa sababu ya kumnyima Efroni bei yake.

Huo ndio mzani wetu. Tukiiweka Kompani juu yake, tunaiona nyepesi. Mgeni hakujiita mgeni. Mwenye shamba hakutafutwa mmoja mmoja. Lugha haikueleweka. Mipaka ilitajwa kwa kutaja milima na bahari kwenye ramani. Na bei ilikwisha pokelewa London kabla haijatolewa Nyuzilandi.

Mapatano na damu

Tarehe 6 Februari 1840, pale Waitangi, gavana Hobson na wakuu wengi wa Kimaori walitia sahihi mapatano. Mkatoliki atapenda kujua kwamba Askofu Pompallier, Mfaransa aliyefika visiwani mwaka 1838, alikuwapo, akaomba gavana atangaze uhuru wa dini zote. Mapatano yaliwaahidi Wamaori ulinzi wa ardhi yao. Kwa Kimaori waliahidiwa enzi yao kamili juu ya nchi, vijiji na mali zao. Kwa Kiingereza yako maneno mengine, na tofauti hiyo imeleta mabishano mpaka leo. Lakini ahadi ya ardhi ilikuwa wazi kwa lugha zote mbili. Kompani haikuipenda. Mwaka 1843 wakubwa wake waliiandikia serikali kwamba mapatano yale yalikuwa njia tu ya kuwatuliza washenzi kwa muda. Hapo tunaona waziwazi moyo wa kompani: ahadi ya taifa zima ni kitu cha kuchezea, ila karatasi ya dukani London ni kitu kitakatifu.

Serikali ilimtuma mwamuzi, William Spain, apeleleze manunuzi yote. Akaona kasoro kubwa. Lakini katika bonde la Wairau Kompani haikumngoja amalize. Mji wake wa Nelson ulihitaji mashamba, ikatuma wapimaji. Wakuu Te Rauparaha na Te Rangihaeata waliomba mwamuzi angojewe, hawakusikilizwa. Wakawatoa wapimaji kwa amani, wakachoma kibanda chao. Tarehe 17 Juni 1843 kundi la wakoloni lenye bunduki, likiongozwa na hakimu pamoja na Arthur Wakefield, ndugu mwingine, lilikwenda kuwakamata. Risasi ikatoka, vita vikaanza. Te Rongo, mke wa Te Rangihaeata, akauawa. Wazungu walipojitoa, Te Rangihaeata akadai kisasi, mateka wakauawa. Wazungu 22 walikufa siku ile, na Wamaori wasiopungua 4.

Hatusifu kuua mateka. Ni dhambi, mkosaji awe nani. Lakini haki inatudai tuulize nani aliyeleta kamba ya kupimia shamba lenye kesi. Gavana mpya, FitzRoy, alipeleleza mwanzoni mwa 1844, akasema mbele ya watu kwamba wakoloni ndio waliokosa, ingawa aliwakemea wakuu kwa kuua mateka. Hakulipiza kisasi. Kwa hukumu hiyo alichukiwa sana na Kompani na magazeti yake. Mwaka 1845 akaondolewa. Zilikuwapo sababu nyingine pia, za fedha na za vita vya kaskazini, lakini kelele za Kompani Bungeni zilisaidia.

Siasa ilivyoshika mpini

Tazameni jinsi mchezo ulivyokwenda. Mwaka 1844 kamati ya Bunge, chini ya Lord Howick, ilitoa maneno ya kuipendeza Kompani. Mwaka 1846 bwana yule yule, aliyekwisha kurithi jina la Earl Grey, akawa waziri wa makoloni. Akatoa maagizo kwamba ardhi ambayo Wamaori hawailimi wala hawakai ndani yake ihesabiwe kuwa ya serikali. Yaani msitu wa kuwinda, mto wa kuvua, pori la kupumzishia udongo, vyote vikaitwa vitu visivyo na mwenyewe. Mkuu wa mahakama na askofu wa Kiangikana walipinga kwa nguvu, na gavana hakuyatimiza maagizo hayo kama yalivyoandikwa.

Na Kompani yenyewe? Haraka zake ziliila. Wanunuzi wengi wa viwanja walibaki Uingereza wakingoja bei ipande. Kwa hiyo wafanyakazi waliovushwa bahari hawakupata bwana wa kuwaajiri. Nelson walilia njaa, Kompani ikalazimika kuwapa kazi za barabara. Mwaka 1850 ilirudisha hati yake kwa serikali, na deni lake, zaidi ya pauni 268,000, likatwikwa juu ya koloni. Waliodanganywa ndio waliolipa.

Bado viwanja vya akiba vya wenyeji. Kule Nelson Kompani iliahidi kuwawekea Wamaori sehemu moja kwa kumi, ekari 15,100. Ziliwekwa kama 5,100 tu. Jamaa zao hawakusahau. Walishika ahadi hiyo vizazi na vizazi, na mwaka 2017 Mahakama Kuu kabisa ya Nyuzilandi iliamua kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalindia akiba ile. Miaka zaidi ya 170 imepita, na ahadi haijafa. Huo ni ushuhuda mkubwa kwa kila taifa linalodhani kwamba wakati utafuta karatasi.

Mbegu ile ile kwetu

Tulisema mbegu hii si ngeni kwetu. Tarehe 1 Julai 1885 Serikali Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi tupu ni ya serikali. Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya uyoga na ya nyama, yakaitwa tupu kwa kalamu moja. Kisha zikaja kamati na kompani: Katanga mwaka 1900, Kivu mwaka 1928, ambako mashamba ya kahawa na chai ya wakoloni yalienea milimani. Nasi Wakatoliki tusijitenge na maswali haya. Kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Serikali Huru, kila misioni iliahidiwa hektari 100 mpaka 200. Juu ya ardhi hiyo tumejenga shule, hospitali na makanisa, na tunamshukuru Mungu. Lakini Mkristo mwenye akili hachelei kuuliza: je, mwenye udongo aliulizwa kama Efroni alivyoulizwa?

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudishia Jamhuri haki zilizotolewa na koloni. Sheria ya mwaka 1973 ikasema udongo ni mali ya Taifa, na kwamba haki za ardhi ya desturi zitapangwa kwa amri ya rais. Miaka mingi ikapita pasipo amri hiyo. Katika pengo hilo mwenye karatasi humshinda mwenye jembe, awe mgeni au ndugu yetu wa damu. Kosa la Wakefield halina rangi ya ngozi. Mtu mweusi anayechora ramani ya kijiji akiwa ofisini, asikanyage umande wa kijiji kile, ni mwanafunzi wake.

Basi hukumu yetu juu ya kitabu hiki ni hii. Kimeandikwa kwa akili, kinawahurumia maskini wa upande mmoja, tena kinajua hesabu. Lakini hakina mwenye nchi ndani yake. Kinasema juu ya ardhi kama mtu anayesema juu ya ng'ombe aliyepotea, asiye na mchungaji. Kwa sababu hiyo hesabu zake zote, hata zilizo sawa, zilizaa machozi.

Tunawaomba wakuu wa vijiji, wakubwa wa jamaa na vijana waliosoma wakumbuke mlango wa mji wa Hebroni. Karatasi ya ardhi ikiletwa kijijini, isisainiwe nyumbani usiku kwa chupa na bahasha. Isomwe mchana, mbele ya wote, wanawake wakiwamo, kwa lugha ya mahali. Watajwe wenye shamba kwa majina, itajwe mipaka kwa miti na mito, itajwe bei, na nakala ibaki kijijini. Na anayesoma hati kwa ajili ya wasiojua kusoma asome neno kwa neno, asifupishe. Mkalimani wa Te Whanganui-a-Tara alifupisha, na wajukuu wa wale waliomsikiliza wamekwenda mahakamani mpaka karne hii.